Mlezi si mwenyekiti: barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za wanafunzi wa Kikristo vyuoni

Kwenu walezi wa matawi, wachungaji mliokabidhiwa vyuo, wahitimu mnaokaa kwenye kamati za ushauri, na ninyi wa ofisi za kanda na taifa za huduma za wanafunzi wa Kikristo hapa Tanzania.

Shikamooni wazee wangu, na Bwana Yesu asifiwe.

Naandika sasa kwa sababu msimu wa uchaguzi umefika. Kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula wa pili, kwenye vyumba vya mihadhara vya Mlimani, Morogoro, Dodoma, Mbeya na kwingineko, viongozi wa mwaka wa tatu watasimama mbele wasome ripoti zao, wapigiwe makofi, kisha wakabidhi katiba, muhuri na funguo za stoo ya vyombo. Mchungaji atawawekea mikono waliochaguliwa. Kesho yake, kijana wa mwaka wa pili ambaye hadi juzi kazi yake ilikuwa kupanga viti na kuvuta nyaya za spika ataamka akiwa kiongozi wa mamia ya wenzake. Nina ombi moja kwenu kuhusu huyo kijana: mwacheni aongoze. Mkimpa kazi, mpeni na uamuzi wa kazi hiyo.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa tawi la wanafunzi kwenye chuo kikuu kimoja nchini. Sitalitaja, kwanza kwa sababu walezi wake ni watu ninaowaheshimu na mmoja wao ndiye aliyenifungisha ndoa, na pili kwa sababu ninayoyasema hayakuwa ya tawi letu peke yake. Wahitimu tunakutana kwenye harusi na misiba, na mazungumzo yakifika kwenye miaka ya chuo, aliyesoma uhandisi, aliyesoma ualimu na aliyesoma udaktari wote wanasimulia kitu kilekile: mwenyekiti aliyelaumiwa kwa mambo ambayo hakuwa ameyaamua.

Hoja yenu naijua. Mnasema hawa ni watoto, hawajakomaa, wakiachwa wataharibu. Na kweli, wakati mwingine wanaharibu, nitafika huko. Lakini hizi huduma mnazozilinda zisiangukie mikononi mwa wanafunzi, zilianzishwa na nani? Umoja wa Kikristo wa wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, ulianzishwa mwaka 1877 na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1886, kwenye kambi ya kujifunza Biblia pale Mount Hermon, Massachusetts, wanafunzi 100 walijitoa kwenda kuhubiri nje ya Marekani. Mmoja wao alikuwa John Mott, mwanafunzi wa Cornell mwenye miaka 21. Miaka tisa baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha shirikisho la dunia la wanafunzi wa Kikristo. IFES nayo, shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa kiinjili lililoundwa mwaka 1947 na ambalo TAFES yetu, umoja wa wanafunzi wa kiinjili wa Tanzania, ni mwanachama wake, inasimama juu ya msingi kwamba mwanafunzi ndiye mwinjilisti wa chuo chake na ndiye kiongozi wa kazi hiyo. Watumishi walioajiriwa wapo ili kumsaidia.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Mwaka 1941, Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker, cha Kanisa la Anglikana, pale Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26. Walikuwa watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, walioitwa Balokole, na William Nagenda alikuwa miongoni mwao. Waliamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiriana, wakakatazwa, wakakataa kuacha. Wakubwa wa chuo waliona utovu wa nidhamu. Tukiwa wakweli, hao vijana hawakuwa wapole. Waliwakemea wazee hadharani, na maneno yao yalikata. Lakini kanisa lililowafukuza likaja kuongozwa kwa miaka mingi na watu waliotoka kwenye uamsho uleule. Askofu Festo Kivengere alikuwa mmoja wao, Askofu Mkuu Janani Luwum mwingine, na kwetu Bukoba tulikuwa na Josiah Kibira, aliyefika kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Nikisoma habari za Mukono huwa najiuliza walezi wa leo wangekaa upande gani wa meza ile. Nadhani wengi wetu, na mimi nikiwamo sasa kwa kuwa nimeshaota mvi mbili tatu, tungesaini ile barua ya kuwafukuza.

Kenya wana mfano wao. David Gitari, kabla ya kuwa askofu na baadaye askofu mkuu wa Anglikana, alikuwa mtumishi wa PAFES, umoja wa Afrika wa wanafunzi wa kiinjili ulioanzishwa mwaka 1958. Serikali ya Kenya ilipoleta kura ya mlolongo, wananchi wapange foleni nyuma ya picha ya mgombea badala ya kupiga kura ya siri, Gitari alikuwa miongoni mwa maaskofu waliosimama mimbarani wakaipinga. Mtu wa namna hiyo hatoki kwenye tawi ambalo mwenyekiti hawezi kununua betri ya kipaza sauti bila kibali.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe, kwa maana hapo ndipo mchezo unapoanza.

Katiba za matawi mengi zinasema viongozi watachaguliwa na wanachama. Kinachotokea ni hiki. Kunaundwa kamati ya uteuzi. Watu wanajaza fomu au wanapendekezwa, wanafanyiwa usaili: umeokoka lini, unasali kanisa gani, una mchumba, una sup ngapi, yaani mitihani ya kurudia. Sawa, maswali mengine ni ya haki. Majina yanapatikana, kamati inafunga na kuomba. Kisha orodha inakwenda kwa mlezi, na inaporudi kuna jina limekatwa na jingine limeongezwa. Hakuna anayejua kwa nini. Siku ya uchaguzi wanachama wanaletewa jina moja kwa kila nafasi na kuulizwa ndiyo au hapana, huku aliyeshika kipaza sauti akitangaza kwamba Roho Mtakatifu ameshatuonyesha. Nani atainua mkono kumpinga Roho Mtakatifu mbele ya watu mia tatu?

Wazee wangu, somo la Matendo ya Mitume sura ya 6 mmetufundisha ninyi wenyewe. Palipotokea manung'uniko juu ya wajane, mitume hawakuwateua wale saba. Walitaja sifa zinazotakiwa, wakaliambia kusanyiko lichague, kisha wakawawekea mikono waliochaguliwa. Utaratibu ule ulikuwa na nafasi ya wazee na nafasi ya watu, na kila upande ulikaa kwenye nafasi yake. Fanyeni hivyohivyo. Tajeni sifa mapema, kabla ya fomu kutoka. Kama mlezi ana jambo zito juu ya mtu, alipeleke kwa kamati kwa maandishi, na mhusika aitwe aambiwe ana kwa ana, kwa siri na kwa heshima, apate kujibu. Namkumbuka dada aliyekatwa jina asielezwe sababu. Alimaliza chuo akiamini kuna dhambi yake iliyojulikana. Baadaye tukaja kusikia kwamba kisa kilikuwa dhehebu lake.

Hilo la madhehebu niliseme harakaharaka. Chuo kimoja cha Tanzania kinaweza kuwa na vyama vya wanafunzi wa Kikristo kama TAFES, CASFETA, USCF, TMCS ya Wakatoliki na TUCASA ya Waadventista, wote wakiomba kumbi zilezile kwenye ofisi ileile ya mshauri wa wanafunzi. Wanafunzi wanajua kuishi na hali hiyo. Wanaazimana spika, wanabadilishana kumbi, wakati wa msiba wa mwanafunzi kwaya zinaungana na mchango unazunguka bila mtu kuulizwa anasali wapi. Moto huwa unatoka nje ya chuo, kwa wakubwa wanaohesabu nani kavuta wanachama wa nani. Naomba muumalizie hukohuko.

Nije kwenye fedha, ambazo nilizishika kwa mikono yangu.

Mapato ya tawi la chuo yanafuata bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Mkopo ukiingia, sadaka ya Jumapili inanona, michango ya sare za kwaya inalipwa, watu wanatoa shukrani. Bodi ya mikopo ikichelewesha, bakuli linarudi na sarafu. Matumizi hayafuati bumu. Ukumbi wa nje ukikodiwa lazima ulipwe, fundi wa vyombo hasubiri, mwenye basi la kwenda misheni anataka nusu kabla ya kuwasha gari. Mweka hazina wa miaka 22 anatembea katikati ya hayo mawili, na mtihani wa takwimu ni Jumatatu.

Mahali nilipokuwa, akaunti ya benki ilikuwa na sahihi tatu, lakini bila ile ya mlezi hakuna kilichotoka. Mlezi wetu alikuwa mtu mwema na mwenye shughuli nyingi, leo semina, kesho kikao cha dayosisi. Tukisafiri kwenda misheni tulikuwa tunachangishana mifukoni, viongozi kwanza. Kuna mwenzetu alilipia chakula cha timu nzima kwa fedha yake ya kujikimu, akaambiwa atarudishiwa. Sijui kama alirudishiwa yote, maana kufikia makabidhiano deni lile lilikuwa halimo kwenye ripoti. Lilikuwa limeitwa sadaka. Wakati huohuo hela za papo kwa papo zilikuwa zinapita kwenye simu binafsi ya mweka hazina, zikichanganyika na za kwao na za vocha. Kwa hiyo tulikuwa na ulinzi mkali juu ya fedha iliyolala benki, na hakuna ulinzi wowote juu ya fedha iliyokuwa inatembea. Mtu akitaka kuiba angeiba hapo kwenye simu, na mtu asiyeiba angeweza kushtakiwa kwa wizi hapohapo, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuonyesha ipi ilikuwa yake na ipi ya tawi.

Dawa yake si ngumu. Tawi liwe na lipa namba yake, iliyosajiliwa kwa jina la tawi, ili sadaka na michango ipite huko na kila mtu aone. Bajeti ipitishwe na wanachama mwanzoni mwa muhula. Ikishapitishwa, mwenyekiti, katibu na mweka hazina watoe fedha iliyomo kwenye bajeti bila kumsubiri mlezi. Mlezi aletewe taarifa kila mwezi, na akitaka kukagua akague siku yoyote, daftari kwa risiti. Ukaguzi ni kazi ya mzee. Kununua mchele wa misheni ni kazi ya wanafunzi. Na taarifa zishuke kama zinavyopanda: tawi linapotuma sehemu ya mapato yake ngazi za juu, wanachama wasomewe ilifanya nini huko. Tukiwadai vijana risiti ya nauli ya daladala, tusiwaache na kimya kuhusu fedha yao.

Kinyume cha hayo yote ni usiku.

Mlezi ambaye sahihi yake inatakiwa kwenye kila hundi, mara nyingi hapatikani saa nane za usiku. Simlaumu kwa kulala. Nasema tu kwamba mambo mazito ya uongozi wa wanafunzi yanatokea saa hizo, na wanaobaki nayo ni watu wa miaka 21 na 22. Wakati wa mkesha binti anaanguka, anapiga kelele, anakakamaa. Nusu ya ukumbi wanakemea pepo, mmoja anasema ana kifafa, mwingine anasema hajala tangu jana kwa sababu ya kufunga. Mwenyekiti anatakiwa aamue: tuendelee kuomba au tutafute gari la zahanati? Ni nani aliyewahi kumfundisha? Mwingine anagongewa mlango hosteli na rafiki aliyedisco, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, ambaye hajui atawaambia nini wazazi walioshauza ng'ombe, na maneno yake yanaogopesha. Mratibu wa maombi anaambiwa siri ya mimba. Katibu anaambiwa siri ya mhadhiri anayemsumbua dada fulani. Mambo haya hayaandikwi kwenye ripoti ya mwaka, kwa hiyo ofisi zinahesabu waliookoka kwenye misheni na hazijui viongozi wao walibeba nini.

Hapa ndipo ninapowahitaji mwingie kwa nguvu zote, na hapa ndipo ninapowaona mko mbali. Semina za viongozi wapya zinajaa masomo ya maono, upako na itifaki ya kumpokea mgeni rasmi. Naomba siku moja tu itolewe kwa vitu vya chini kabisa. Mwiteni muuguzi wa zahanati ya chuo aeleze mtu mwenye kifafa anawekwaje, na kwamba kumpeleka mtu hospitali si kukosa imani. Mwiteni mshauri wa wanafunzi aeleze mtu anayetaka kujidhuru anapelekwa kwa nani na haachwi peke yake. Elezeni bila kuzungukazunguka kwamba siri ya dada anayenyanyaswa kingono haimalizwi kwa maombi na kiongozi mwanafunzi, inafikishwa kwenye vyombo vinavyohusika, na kwamba mlezi atakuwa nyuma ya yule atakayeifikisha hata kama anayetuhumiwa ni mtu mkubwa chuoni, au hata kama ni mtumishi wa madhabahuni. Kisha toeni namba ya simu ya mtu mzima ambaye atapokea saa nane za usiku. Wawe wawili, kwa zamu, mwanamke na mwanamume.

Kwa kuwa nimetaja wanawake: kwaya zimejaa dada zetu, maombi wanaongoza wao, mikesha wanaijaza wao, lakini kwenye nafasi ya mwenyekiti mara nyingi wanaishia kuwa wasaidizi. Ukiuliza unaambiwa ni utaratibu. KKKT ina wachungaji wanawake tangu miaka ya 1990, na nchi ina Rais mwanamke tangu Machi 2021. Sina la kuongeza hapo.

Masomo. Shahada nyingi zetu ni miaka mitatu, na mtu anachaguliwa mwaka wa pili ili aongoze akiwa mwaka wa tatu, mwaka wa utafiti na mitihani inayoamua daraja la shahada. Ratiba ya tawi haijui hilo. Kuna ibada ya Jumapili, mafundisho katikati ya wiki, maombi ya alfajiri, mazoezi ya kwaya, kikao cha kamati tendaji, mkesha wa Ijumaa, na juu yake mwaliko wa kanisa la mlezi linalohitaji vijana wa kuhudumu kwenye uzinduzi wa albamu. Mwaliko wa namna hiyo kiongozi hawezi kuukataa, ukizingatia unatoka kwa nani. Nimewaona viongozi wazuri wakiingia kwenye chumba cha mtihani wakitoka mkeshani, na nimewaona wakirudi Septemba kufanya sup huku walioimba nao wakiwa makazini. Kisha tunashangaa kwa nini mhadhiri akisikia jina la umoja wetu anatikisa kichwa. Kiongozi awe na haki ya kusema hapana kwa kanisa lolote, la mlezi likiwa la kwanza. Wiki mbili kabla ya mitihani, shughuli zote zaidi ya ibada ya Jumapili zisimame, na uamuzi huo uwe wa kamati ya wanafunzi, usihitaji ruhusa.

Kuna tatizo jingine la kalenda. Viongozi wapya wanasimikwa karibu na mitihani, wanakwenda kwenye mazoezi kwa vitendo likizo yote, mmoja yuko Tabora na mwingine Mtwara, wanarudi chuo kinapofunguliwa na jambo la kwanza linalowakuta ni kupokea mwaka wa kwanza, kazi kubwa kuliko zote, akaunti ikiwa tupu na waliowatangulia wameshahitimu. Kila mwaka tawi linaanza upya. Uchaguzi ukisogezwa hadi mapema kwenye muhula wa pili, wapya wangekaa na wa zamani kwenye vikao na kwenye hesabu kwa wiki kadhaa kabla ya kusimikwa. Matawi machache yanafanya hivyo. Yanaonekana kwa ripoti zao, maana zina madeni yaliyoandikwa.

Na mtu wa kuwashika mkono si lazima awe mzee wa miaka 55. FOCUS ya Kenya, umoja wa wanafunzi wa Kikristo ulioanza mwaka 1973, ina mpango wa wahitimu wanaojitolea mwaka mmoja kutembea na wanafunzi vyuoni. Mhitimu wa juzi anajua hosteli ina hali gani, anajua bumu likichelewa watu wanakula nini, na mwanafunzi hamwogopi. Sisi wahitimu wa Tanzania tumezoea kurudi chuoni siku ya kongamano, tumevaa vizuri, tumekaa viti vya mbele, tunatambulishwa kwa vyeo vyetu vya kazini, tunatoa ahadi ya kununua spika. Hilo ni lawama kwetu kuliko kwenu. Lakini ninyi ndio wenye ofisi na orodha za majina. Mkituita kwa kazi ya mwaka mzima, wako watakaoitika.

Nilisema nitafika kwenye makosa ya wanafunzi. Yapo. Kuna wenyeviti wanaojiita mitume wakiwa bado wana carry, somo walilofeli, ya mwaka wa kwanza. Kuna wanaotabiria watu wachumba. Kuna waliokula fedha za misheni, na kuna waliochukua nusu ya tawi wakaanzisha huduma yao kwenye ukumbi wa jirani. Mambo haya yanauma, na naelewa mlezi aliyeumwa mara moja anavyoshika funguo kwa nguvu. Ila katiba zenu zina vifungu vya kikao cha dharura na kura ya kutokuwa na imani, na sijawahi kuona vikitumika. Kila mara tatizo linamalizwa ofisini kwa mlezi, mlango umefungwa, mhusika anatoweka na wanachama wanabaki na uvumi. Waacheni wanachama wamhoji mweka hazina wao. Waacheni wapige kura ya kumtoa mwenyekiti anayejiita mtume. Watajifunza kumwajibisha kiongozi kwa heshima na kwa ushahidi, kitu ambacho makanisa yetu na halmashauri zetu vinakihitaji, na hawatajifunza kama kila mara mzee anafika kabla yao. Mlezi awepo kwenye kikao, akae, asikilize, aombe mwanzo na mwisho. Uchungu wa kuona vijana wakikosea ilhali jibu unalo mdomoni naujua, kwa kuwa sasa nami nina vijana ninaowasimamia kazini. Ni sehemu ya malezi.

Ninachowaomba kabla ya mitihani ya muhula huu ni kikao kimoja katika kila tawi: viongozi wanaotoka, wanaoingia, mlezi na mchungaji. Kiwe na ajenda tatu. Ya kwanza, madeni yote yasomwe kwa majina, pamoja na yale yaliyobatizwa sadaka, na ipangwe yatalipwa lini. Ya pili, ipitishwe ni maamuzi yapi kamati ya wanafunzi inayafanya yenyewe bila kuuliza mtu, yaandikwe, mlezi asaini chini. Ya tatu, namba mbili za simu za usiku zitolewe na zibandikwe mlangoni mwa stoo ya vyombo. Muhtasari wa kikao hicho usomwe mbele ya wanachama siku ya kusimika viongozi, kabla ya kwaya kuimba na kabla ya mgeni rasmi kupewa nafasi.

Na kama kuna mlezi ambaye tawi lake limeshafanya haya, naomba aandike hadharani aeleze walivyofanya, hasa hilo la akaunti ya benki, kwa sababu najua benki nyingine zinasumbua kufungua akaunti ya umoja wa wanafunzi bila mtu mzima mwenye mamlaka juu yake. Kama mmepata njia, wengine wanaihitaji.

Wenu katika Kristo,

Mweka hazina wa zamani wa tawi moja la wanafunzi wa Kikristo

Nakala: kamati za uteuzi za matawi yote, pamoja na wale ambao majina yao yalikatwa bila kuelezwa.